Kiumbe Kimoja, Majina Manne

Novemba 1987, madaktari wa mashariki mwa Kanada walianza kupokea wagonjwa waliofanana. Walikuwa wamekula kome. Saa chache baadaye walishikwa na tumbo, wakatapika, wakaharisha. Hadi hapo hakukuwa na jambo geni, kwani chakula cha baharini kikiharibika huwatenda watu vivyo hivyo popote duniani. Ila wagonjwa kadhaa hawakuishia kwenye tumbo. Siku ya pili walichanganyikiwa, wengine wakapata degedege, na baadhi wakapoteza kumbukumbu: mtu anaambiwa jambo sasa hivi, na kabla aliyemwambia hajatoka chumbani limeshamtoka kichwani. Zaidi ya watu 100 waliugua. Wasiopungua watatu walikufa, nao walikuwa wazee.

Kome wote walifuatiliwa hadi mahali pamoja: mashariki mwa Prince Edward Island, jimbo la kisiwa ambako ufugaji wa kome ulikuwa tegemeo la kaya nyingi, na hasa kwenye Ghuba ya Cardigan. Biashara ilisimamishwa mara moja. Wakaguzi walifanya kipimo chao cha kawaida, yaani kumdunga panya mchuzi uliokamuliwa kutoka kwenye nyama ya kome kisha kumtazama. Panya hao walifanya jambo ambalo halikuwa kwenye vitabu vyao. Walijikuna mabegani kwa mguu wa nyuma, wakajikuna bila kukoma, halafu wakafa. Sumu za kome zilizojulikana wakati huo hazikuwa na dalili hiyo.

Wanakemia wa maabara ya taifa mjini Halifax waliikamata sumu hiyo kwa muda wa siku tano hivi, wakifanya kazi usiku na mchana. Ilikuwa asidi ya domoiki. Jina lake limetoka Japani, ambako mwani mwekundu mmoja huitwa domoi na watu wa visiwani waliutumia tangu zamani kama dawa ya minyoo. Lakini mwani huo haukuwa na makazi Cardigan. Wachunguzi wakapasua matumbo ya kome wenyewe, wakayakuta yamejaa vijiti vyembamba, vya rangi kati ya kijani na kahawia, maelfu kwa maelfu, vyote vya namna moja. Maji ya ghuba nayo yalikuwa yamejaa vijiti hivyohivyo.

Mtaalamu wa planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, alivitazama kwa hadubini akavitambua. Hivi, alisema, ni Nitzschia pungens.

Na jina hilo, badala ya kulimaliza suala, likalifungua. Nitzschia pungens ilikuwa diatomu ya kawaida kabisa, inayoonekana katika bahari nyingi za dunia, na kwa miaka 90 tangu ipewe jina haikuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Wala hakukuwa na diatomu nyingine yoyote iliyojulikana kutengeneza sumu inayoshambulia ubongo. Ama jina lilikuwa si lake, ama kiumbe kinachojulikana kote kilikuwa na siri ambayo hakuna aliyeiona. Mwishowe ilibainika kwamba yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake.

Diatomu ni kiumbe cha seli moja kinachoishi majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mtu anayetembea ufukweni Bagamoyo au Lamu akiteleza kwenye jiwe lenye utelezi wa kahawia, mara nyingi amekanyaga mamilioni yao. Kazi yao ni kubwa kuliko umbo lao kwa kiasi kisichoelezeka kirahisi: karibu moja ya tano ya usanisinuru wote wa dunia hufanywa na diatomu, na mlolongo wa chakula cha baharini, kuanzia dagaa hadi nyangumi, unawategemea. Huhesabiwa pamoja na mwani, ila si ndugu wa karibu wa mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar. Kiukoo wako karibu zaidi na mwani wa kahawia, ule mrefu wa majani mapana unaong'oka baharini na kutupwa pwani wakati wa dhoruba.

Kinachozitofautisha diatomu na viumbe wengine wote ni nyumba zao. Kila seli hukaa ndani ya gamba la silika, yaani maada ileile inayotengeneza kioo, na gamba hilo lina vipande viwili vinavyovikana, mfano wa kopo la kiwi: mfuniko na kitako. Jina lenyewe, diatomu, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukatwa vipande viwili. Kiumbe akifa, nyama huoza lakini nyumba hubaki. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil katika Bonde la Ufa la Kenya, kuna tabaka nene za udongo mweupe mwepesi unaochimbwa kwa ajili ya viwanda. Udongo huo ni magamba ya diatomu za ziwa lililokuwapo hapo zamani za kale, yamerundikana chini mwaka baada ya mwaka.

Basi kwa muda mrefu waainishaji waliisoma nyumba, si mwenye nyumba. Mpaka leo anayetaka kuichunguza diatomu kwa makini huichemsha katika asidi kali hadi kila kilicho hai kiyeyuke, kisha hutazama gamba tupu. Magamba hayo yamenakshiwa kwa vitundu, mbavu na mistari kwa ustadi unaoshinda ule wa milango ya Zanzibar, na kila spishi ina nakshi yake. Hapo ndipo uhodari wa fani hii ulipo, na mitego yake pia.

Mtego wa kwanza ni ukubwa. Diatomu inapogawanyika, kila mtoto hurithi kipande kimoja cha kopo na kukifanya mfuniko, kisha hujitengenezea kitako kipya kwa ndani. Aliyerithi mfuniko hubaki na ukubwa wa mzazi. Aliyerithi kitako huwa mdogo kidogo, na mtoto wake wa kitako huwa mdogo zaidi, na kuendelea hivyo kwa vizazi vingi. Seli zikishapungua kiasi fulani huingia katika uzazi wa kijinsia, na kutoka hapo huzaliwa seli kubwa mpya inayoanza safari upya. Kwa hiyo ndani ya spishi moja kuna wakubwa na wadogo ambao mtu asiyejua angewaita viumbe tofauti, na katika karne ya 19 wapo waliofanya hivyo. Orodha za zamani zimejaa majina mawili matatu ya kiumbe kimoja.

Mtego wa pili ulikuwa mkubwa zaidi: kutojua hata diatomu ni za upande gani. Mnamo 1786 Mdenmaki Otto Friedrich Müller alimwelezea diatomu mmoja akimweka miongoni mwa wanyama wadogo, na haikuwa ajabu, kwa sababu alimwona akitembea. Diatomu nyingi zenye umbo refu huteleza kwa kweli. Mzoolojia Mjerumani Christian Ludwig Nitzsch alizichunguza mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1845 daktari Mwingereza Arthur Hill Hassall akaanzisha jenasi mpya akaipa jina la Nitzsch: Nitzschia. Msomaji asishangae kuona mganga akibatiza viumbe wa majini. Hassall ndiye yuleyule aliyetumia hadubini kufichua uchafu na udanganyifu katika vyakula vilivyouzwa madukani London.

Jenasi katika jina la kisayansi ni kama jina la ukoo, ila hutangulia. La pili ndilo jina la spishi. Pungens ni Kilatini, maana yake chenye kuchoma, na kwa kiumbe chenye umbo la sindano iliyochongoka pande zote mbili jina limekaa vizuri. Lilibuniwa na Albert Grunow, Mwaustria aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha vyuma, lakini halikuchapishwa na yeye. Lilichapishwa mwaka 1897 na Msweden Per Teodor Cleve, profesa wa kemia wa Uppsala aliyekuwa ameshagundua elementi za holmiamu na thuliamu mwaka 1879 kabla ya kuhamishia mapenzi yake kwenye planktoni. Wanakemia wawili, mmoja akibuni na mwingine akichapisha. Sheria za majina hazimsahau yeyote kati yao: nyuma ya jina kamili la spishi hii huandikwa "Grunow ex Cleve", ili kila mmoja apewe haki yake.

Tatizo ni kwamba Grunow na Cleve waliona kile ambacho lenzi za wakati wao ziliweza kuonyesha. Sindano yao ina urefu wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita na upana wa mikromita nne au tano. Kwa hadubini ya mwanga mtu huona umbo, na huona mbavu za gamba zikiwa zimepangwa kama ngazi. Huona pia jinsi seli zinavyoungana kwa ncha, kila moja ikipandiana kidogo na inayofuata, kama watoto wanaocheza gari moshi, kila mmoja kashika bega la aliye mbele. Kilichomo kati ya mbavu hakionekani vizuri. Ili kukiona ilibidi kusubiri hadubini ya elektroni, na kumsubiri mtu mwenye subira ya kuitumia.

Mtu huyo alikuwa Grethe Rytter Hasle wa Chuo Kikuu cha Oslo, aliyezaliwa mwaka 1920. Hasle alikuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza duniani kutambua kwamba hadubini ya elektroni ingebadilisha kabisa uainishaji wa diatomu za baharini, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuthibitisha hilo, gamba baada ya gamba. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1965 alipitia kundi zima la sindano hizi. Alipofika kwa pungens aliona jambo. Katika baadhi ya sampuli, nafasi kati ya mbavu mbili ilikuwa na safu mbili za vitundu. Katika sampuli nyingine, nafasi ileile ilikuwa na safu tatu hadi nne.

Hasle hakukimbilia kutangaza spishi mpya. Maumbo ya nje yalikuwa yanakaribiana mno, na tofauti aliyoiona ingeweza kuwa ya kawaida tu, kama watu wa kijiji kimoja wanavyotofautiana sura. Akayapa magamba ya safu nyingi cheo cha chini kabisa katika ngazi za uainishaji, kile kinachoitwa fomu, yaani lahaja ndogo ndani ya spishi: Nitzschia pungens fomu multiseries. Multiseries maana yake safu nyingi. Ni jina lisilo na pambo lolote, linasema kilichoonekana na kunyamaza.

Sheria hazikumruhusu hata hapo kupita kirahisi. Tangu 1958 kanuni za kimataifa za majina ya mwani, fangasi na mimea zinadai kwamba anayetoa jina jipya ataje sampuli kigezo, kitu halisi kilichohifadhiwa ambacho jina limefungwa kwacho. Kwa diatomu, kitu hicho kwa kawaida ni kipande cha kioo chenye magamba, kinachotunzwa katika makumbusho au hebaria, ingawa viumbe wadogo namna hii huruhusiwa pia kuwakilishwa na picha. Majina kadhaa ya 1965 yalikuwa yamekosa sharti hilo, hivyo mwaka 1974 Hasle aliandika upya ili kuyahalalisha. Mtu wa nje anaweza kuona huo ni urasimu. Lakini jina lililofungwa kwenye maneno tu huteleza, kwa kuwa maneno yaleyale yanaweza kumwelekeza kila msomaji kwenye kitu chake. Kioo kilicho kwenye droo hakitelezi: miaka 100 baadaye mtu atakitoa, atakitazama kwa chombo ambacho mwenye jina hakukiota, na kuuliza upya swali lilelile.

Ndivyo hali ilivyokuwa Cardigan ilipotokea. Ile tofauti ya safu za vitundu ilikuwa imelala ndani ya jarida la kitaalamu, ikijulikana na watu wachache sana duniani.

Watafiti wa Kanada, wakiongozwa na Stephen Bates, walizichukua sindano za Cardigan wakazikuza peke yake katika chupa za maabara. Zilitengeneza asidi ya domoiki bila kome, bila mwani mwekundu, bila msaada wa jirani yeyote anayeonekana kwa macho. Zilifanya hivyo hasa pale ukuaji ulipopungua na virutubisho kuanza kuisha. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989, na diatomu ikawekwa wazi kuwa chanzo cha sumu ya ubongo. Lakini wenzao waliopima Nitzschia pungens kutoka bahari nyingine walipata chupa safi, bila sumu. Jina moja, tabia mbili.

Jibu lilikuwa kwenye vitundu. Magamba ya Cardigan yalipowekwa chini ya hadubini ya elektroni yalionyesha safu tatu hadi nne: fomu multiseries ya Hasle. Zile zisizo na sumu zilikuwa na safu mbili. Kitu ambacho mwanamke mmoja wa Oslo alikiona na kukiandika zaidi ya miaka 20 kabla, bila yeyote kumwuliza kina faida gani, ndicho kilichotenganisha kome wa kuliwa na kome wa kuua.

Inafaa kukaa kidogo na jambo hili, kwa sababu uainishaji mara nyingi hudharauliwa. Huonwa kuwa kazi ya kubandika vibandiko, ya wazee wenye miwani mizito na droo zenye vumbi. Mkaguzi wa maji anayeripoti "pungens ipo" na mkaguzi anayeripoti "multiseries ipo" wanatoa habari mbili tofauti kabisa, na mfugaji wa kome anafunga au kufungua shamba lake kwa neno hilo. Kanada iliweka kikomo cha miligramu 20 za asidi ya domoiki kwa kila kilo ya nyama ya kome, na nchi nyingine nyingi zimekifuata. Kipimo cha sumu huonyesha kwamba hatari imeshaingia ndani ya kome. Jina la kiumbe kilichoonekana majini huweza kuonya kabla haijaingia.

Baada ya Cardigan, majina yalianza kusogea upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Hippolyte Peragallo alikuwa amezitenga sindano hizi zinazoungana kwa ncha na kuzipa jenasi yao, Pseudo-nitzschia, yaani Nitzschia ya bandia. Waliomfuata waliona tofauti haitoshi, wakazirudisha ndani ya Nitzschia kama tawi lake, na Hasle mwenyewe mwaka 1965 alifuata mkondo huo. Sasa, akiwa na ushahidi mwingi zaidi kuhusu umbo la gamba na mfereji mwembamba unaopita ukingoni mwake, alibadili uamuzi. Mwaka 1993 alizihamishia spishi kadhaa kwenye jenasi ya Peragallo, na mwaka 1994 akachapisha hoja zake. Hakuna aibu katika hilo. Mtaalamu anayeweza kuurekebisha uamuzi wake wa karibu miaka 30 iliyopita, kwa maandishi na kwa jina lake, anastahili kuaminiwa zaidi.

Mwaka 1995 alimaliza kazi. Fomu ikapandishwa cheo na kuwa spishi kamili: Pseudo-nitzschia multiseries. Ukihesabu tangu mwaka wa ajali, kiumbe cha Cardigan kilikuwa kimeitwa Nitzschia pungens, kisha Nitzschia pungens fomu multiseries, kisha Pseudo-nitzschia pungens fomu multiseries, na hatimaye Pseudo-nitzschia multiseries. Majina manne ndani ya miaka minane, na kiumbe chenyewe hakikubadilika hata kitundu kimoja.

Jina kamili huandikwa na kitu kinachoweza kumchanganya msomaji: Pseudo-nitzschia multiseries (Hasle) Hasle. Si kosa la mpiga chapa. Aliye ndani ya mabano ndiye aliyelitoa neno multiseries kwa mara ya kwanza, na aliye nje ndiye aliyelihamishia mahali lilipo sasa. Hapa wote wawili ni mtu mmoja. Kistari kilicho katikati ya Pseudo na nitzschia nacho kina historia yake, kwani wapo walioandika neno moja bila kistari, lakini kanuni zinaheshimu tahajia ya mwenye jina, na Peragallo aliandika kwa kistari.

Kanuni hazimpendelei mtu, hata Hasle. Septemba 1991, mwari na minandi walianza kufa katika Ghuba ya Monterey huko California, baada ya kula dagaa waliojaa diatomu zenye asidi ya domoiki. Safari hii mkosaji alikuwa spishi nyingine, ambayo Hasle alikuwa ameiita Nitzschia pseudoseriata mwaka 1965. Lakini kiumbe hicho kilikuwa kimeshaelezwa mwaka 1939 na Joaquín Frenguelli, mtafiti wa Argentina, kwa jina la Pseudo-nitzschia australis. Jenasi ya Peragallo iliporudishwa, jina la Frenguelli likasimama na la Hasle likawa kisawe tu, likitajwa kwenye mstari wa chini wa orodha. Kwenye sheria za majina, aliyetangulia kuchapisha kwa njia halali ndiye mwenye haki, hata kama aliyekuja baadaye ni mashuhuri zaidi.

California ilikuwa na kisa cha zamani zaidi. Agosti 1961, karibu na mji wa Capitola, ndege wa baharini walianguka juu ya nyumba na barabara kwa wingi, wengine wakijigonga kwenye vioo. Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alizipata habari hizo wakati akijiandaa kutengeneza filamu yake kuhusu ndege wanaoshambulia watu, iliyotoka mwaka 1963. Kwa miaka 50 chanzo hakikujulikana. Mwaka 2012 watafiti walichapisha uchunguzi wa planktoni-wanyama waliokuwa wamehifadhiwa tangu kiangazi kile cha 1961. Matumboni mwao walikuta magamba ya Pseudo-nitzschia, na mengi kati yake ni ya spishi zenye sumu. Silika haiozi. Aliyeziweka chupa zile kabatini mwaka 1961 hakuweza kujua kwamba alikuwa anahifadhi ushahidi, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyejua kwamba diatomu inaweza kuua ndege.

Leo jenasi hii ina zaidi ya spishi 50, na takriban nusu zimethibitika kutengeneza asidi ya domoiki. Idadi imeongezeka kwa sababu vinasaba vimejiunga na hadubini. Spishi iliyoitwa pseudodelicatissima, kwa mfano, ilidhaniwa kuwa moja na kusambaa duniani kote. Mwaka 2003 Nina Lundholm wa Denmark na wenzake, Hasle akiwa mmojawapo, waliipitia upya kwa vinasaba na kwa magamba, wakaona ni kundi la spishi zinazofanana. Mbili walizipa majina yanayopendeza kusikia. Katika moja, kila kitundu kimegawanyika ndani kwa namna ya petali, wakaiita calliantha, ua zuri kwa Kigiriki. Katika ya pili mgawanyiko ni wa ovyo, wakaiita caciantha, ua baya. Ni majina yanayomsaidia mwanafunzi kukumbuka nini cha kutazama.

Mzigo wote huu unaishia mezani kwa mtu anayepima maji. Kwa hadubini ya mwanga hawezi kusema zaidi ya mambo machache: seli zenye upana unaozidi mikromita tatu huziweka kundi la seriata, nyembamba kuliko hapo huziweka kundi la delicatissima. Akitaka jina kamili lazima achemshe sampuli kwa asidi na kutumia hadubini ya elektroni, au apime vinasaba. Vyote viwili ni ghali, na bahari haisubiri majibu.

Bahari ya Hindi haiko nje ya habari hii. Mwaka 2001 Tume ya Kimataifa ya Bahari ya UNESCO ilichapisha mwongozo wa mwani mdogo unaoweza kudhuru katika magharibi ya Bahari ya Hindi, ulioandikwa na timu iliyokuwa na watafiti kutoka Tanzania, Kenya, Madagascar na Mauritius, na Pseudo-nitzschia imo. Kina mama wanaookota chaza na kombe wakati wa bamvua wanaokota viumbe wanaokula kwa kuchuja maji, kama kome wa Cardigan wanavyokula. Anayewalinda walaji hao anahitaji watu waliofundishwa kuyasoma magamba haya hapahapa pwani, na si kutuma chupa ng'ambo kila maji yanapobadilika rangi. Kazi ya kuwafundisha ni ya polepole. Jicho la mwainishaji hujengwa kwa miaka, kwa kutazama maelfu ya magamba ya kawaida hadi lile lisilo la kawaida lijitokeze lenyewe.

Mwaka 2012 Lundholm na wenzake walitangaza spishi nyingine mbili ambazo magamba yake yalikuwa yamejificha miongoni mwa yanayofanana nayo. Moja waliipa jina la Greta Fryxell, mtafiti wa Marekani. Nyingine waliiita Pseudo-nitzschia hasleana. Hasle alikuwa bado hai, na alifariki mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2013, kutoka maji ya Malaysia, ikaja Pseudo-nitzschia batesiana, iliyopewa jina la Stephen Bates, yule Mkanada wa chupa za Cardigan.